Safari ya Puno na Maradhi ya Kimo

Mtu wa Lima anayekwenda Puno hahitaji paspoti wala viza, habadili fedha mfukoni, na Kihispania anachokisema nyumbani ndicho atakachosemeshwa sokoni huko aendako, ingawa pembeni yake atasikia pia Kiquechua na Kiaymara. Na kwa kuwa serikali haimhesabu kuwa amevuka mpaka, yeye naye hujiona hakuvuka. Lakini mwili una mipaka yake, na mpaka ulio mzito kuliko ule wa Peru na Bolivia unaopita katikati ya ziwa Titicaca huvukwa na msafiri huyu hali ameketi kitini, kwa muda usiotimia saa mbili ikiwa ndege haitui njiani, tangu kuiacha pwani ya Bahari ya Pasifiki mpaka kufika Juliaca, mji wenye kiwanja cha ndege kinachoitumikia Puno, ulio kwenye kimo cha mita 3,825 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko mita 3,812. Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kukipima kimo hiki kwa Kilimanjaro: Horombo, kituo ambacho wapandaji wa njia ya Marangu aghalabu hukifikia kwa miguu siku ya pili, kiko mita 3,720, yaani chini ya mitaa ya Puno.

Watu husema kwamba juu milimani oksijeni ni haba, na usemi huo ni sahihi, ila sababu yake yafaa ibainishwe. Fungu la oksijeni katika hewa ni lile lile pwani na mlimani, karibu sehemu 21 katika kila 100. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, ambalo huko Puno limebaki takriban thuluthi mbili tu ya lile la Lima, hata pumzi moja iliyovutwa kwa kifua kile kile ikaleta oksijeni pungufu kwa thuluthi moja. Kipimo kidogo cha kubana kidoleni, ambacho kwa mtu mzima wa siha pwani husoma 95 na kuendelea katika 100, huko juu mara nyingi husoma kati ya 85 na 90, na mwenyeji wala hashtuki.

Mwili haukubali upungufu huu bila kujitetea, lakini utetezi wake huja kwa mafungu. Katika saa za kwanza pumzi huenda mbio na moyo hupiga kwa haraka. Kupumua kwingi nako huitoa hewa ya kaboni kupita kiasi, damu ikapoteza ukali wake wa asidi, na ubongo ukaamrisha pumzi izuiliwe. Ndiyo sababu msafiri wa usiku wa kwanza huweza kuacha kupumua kwa nukta kadhaa usingizini, kisha akagutuka akihema. Figo huirekebisha hali hiyo kwa siku kadhaa, na chembe nyekundu za damu huongezeka kwa majuma. Mwili walipa deni lake kwa siku na majuma, ilhali ndege yalidai lote kwa mara moja.

Maradhi yenyewe, ambayo watu wa Andes huyaita soroche, si mageni kwa waandishi. Padri José de Acosta, Mjesuiti wa Hispania, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1590, alieleza namna alivyotapika na kudhoofika alipoivuka milima ya Pariacaca, akadhani kuwa hewa ya huko ni nyembamba mno kwa pumzi ya binadamu. Karibu karne tatu zikapita kabla Paul Bert, mwanachuoni wa Ufaransa, hajathibitisha mwaka 1878 kwamba asili ya madhara hayo ni kupungua kwa oksijeni kunakofuatana na kupungua kwa shinikizo.

Dalili zake huanza saa chache baada ya kufika: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu na usingizi wa mang'amung'amu. Aghalabu huzidi baada ya usiku wa kwanza, kisha hupungua kwa siku moja hadi tatu kwa aliyepumzika. Ya kuogopwa ni mawili yaliyo nadra. La kwanza ni mapafu kujaa maji, ambalo huja mara nyingi siku ya pili hadi ya nne, na alama yake ni kukosa pumzi hata mtu akiwa amekaa, pamoja na kikohozi. La pili ni ubongo kuvimba, ambalo hujulikana kwa fahamu kuchafuka na kwa mtu kushindwa kutembea katika mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili.

Hapa ndipo mwana wa nchi anapokuwa hatarini kuliko mgeni. Mtalii wa Ulaya huja na hofu yake na vidonge vyake. Lakini kijana aliyezaliwa Puno, akaenda Lima kwa kazi au masomo, hurudi mwezi wa Februari kwa sikukuu ya Candelaria, akavaa vazi zito na barakoa siku ile ile aliyofika, akacheza ngoma mtaani na kunywa bia na jamaa zake, kwa kuwa hawezi kuamini kwamba ardhi iliyomlea itamdhuru. Matabibu wa milimani wanajua kwamba wenyeji wa kimo, hasa watoto na vijana, wakikaa pwani hata majuma machache, huweza kupatwa na maji ya mapafu wanaporejea, ingawa maisha yao yote ya awali hawakuyaonja. Kuzaliwa juu hakuhifadhi mtu ikiwa mwili umezoea tena hewa ya chini.

Basi hadhari ni nini? Kwanza, kupanda kwa daraja. Arequipa iko mita 2,335, na mwenye nafasi ya kulala huko siku mbili tatu huupa mwili fungu la kwanza la mazoea. Barabara ya kutoka huko hupita mahali palipozidi mita 4,400, lakini kupita si kulala, na kimo cha kitanda ndicho kinachodhuru zaidi. Pili, siku ya kwanza iwe ya mapumziko, chakula chepesi na maji ya kutosha, bila pombe wala dawa za usingizi, ambazo huipunguza pumzi iliyokwisha kuwa haba. Safari ya kisiwa cha Taquile na ngazi zake za mawe ingoje. Tatu, dawa ya asetazolamaidi, inayozihimiza figo kufanya upesi kazi yao, huanzwa kwa shauri la tabibu siku moja kabla ya kupanda. Wenye ugonjwa wa moyo au mapafu, wajawazito, na wenye siko seli, hata walioirithi kwa mzazi mmoja tu, wamwone tabibu kabla ya kununua tikiti.

Ama chai ya majani ya koka, ambayo ni halali nchini Peru na hukirimiwa mgeni kila mahali, ni ada njema na hupasha mwili moto, lakini haijathibitika kwamba huzuia maradhi haya. Na mtu ambaye kazi yake humlazimu kupimwa mkojo ajue kwamba kikombe kimoja tu huweza kuonyesha alama ya kokeini.

Zikitokea dalili za hatari, tiba kubwa ni oksijeni na kushuka. Lakini Puno imekaa juu ya uwanda mpana, na barabara ya kwenda Arequipa hupanda kwanza kabla ya kuteremka. Kwa hiyo mgonjwa apelekwe hospitali apewe oksijeni kwanza, na matabibu ndio waamue namna ya kumshusha. Asiachwe alale peke yake kwa matumaini kwamba asubuhi ataamka mzima, hata kama jamaa zake wote wanasema kuwa yu nyumbani kwao.