Mwezi mmoja wa mwanga ni shilingi ngapi?

Ukitoka Tinde kwenda Kahama, mkoani Shinyanga, saa mbili usiku, lami imenyooka na mguu unajikuta umekanyaga mafuta. Malori ya kwenda Rusumo yanakuja yamewasha taa kali. Pembeni, bila taa wala viakisi mwanga, mkokoteni wa ng'ombe unarudi nyumbani na magunia yake. Mwaka juzi mkokoteni wa namna hiyo niliuona nikiwa nimebakiza hatua chache. Nilikanyaga breki, gari likayumba, likasimama. Hakuna aliyeumia, ila mikono ilinitetemeka hadi Isaka.

Asubuhi nilichuchumaa mbele ya Toyota IST yangu nikaangalia kitu ambacho macho yalikuwa yameshakizoea: vioo vya taa vimekuwa na rangi ya samli. Taa zilikuwa zinawaka, ila mwanga ulikuwa unaishia ndani.

Tangu siku hiyo nimejaribu au kuulizia karibu kila njia inayopendekezwa huku kwetu. Bei nitakazotaja ni zile nilizolipa au kutajiwa mimi mwenyewe Shinyanga na Kahama. Kwako zinaweza kupanda au kushuka. Jambo ninalotaka ulichukue ni namna ya kuzipima. Wengi tunauliza kusafisha taa ni shilingi ngapi. Swali linalookoa fedha na maisha ni hili: mwezi mmoja wa mwanga unanigharimu shilingi ngapi?

Jua kwanza kinachoumwa

Tunakiita kioo cha taa, lakini kwenye magari mengi ya leo ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Ni nyepesi na haipasuki ovyo kokoto inapoigonga. Udhaifu wake ni mionzi ya urujuanimno ya jua, ndiyo maana kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuikinga. Ngozi hiyo ikiisha, plastiki huanza kuwa njano kuanzia juu, upande unaotazama jua.

Kwetu ngozi hiyo ina maadui wawili. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na nyuzi kama 3 na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupiga wima. Adui wa pili ni vumbi la moramu kwenye njia za machimboni, Kakola, Nyarugusu, Rwamgasa. Ukilifuata gari lingine wakati wa kiangazi, taa zako zinapigwa msasa bila wewe kujua.

Kabla ya kutoa hata senti, mwagia taa maji. Ikiwa imelowa halafu ikaonekana safi, ugonjwa uko nje na unatibika kwa kusugua. Ikibaki na ukungu, tatizo liko ndani: unyevu umeingia au kile kisahani cha fedha kinachorudisha mwanga kimebabuka, na hapo hakuna msasa utakaosaidia. Magari ya zamani yenye taa za kioo halisi, kama zile za duara za Land Cruiser za miaka ya nyuma, hayana ugonjwa wa kuwa njano. Kioo hicho kikichimbika kwa mchanga, badilisha.

Dawa ya meno

Kila mtu anaijua, kila mtu anaisifia. Tyubu ya 3,000, kitambaa, dakika ishirini za kusugua. Ina chembechembe ndogo za kusugua, kwa hiyo kung'aa kupo, lakini haifiki chini kwenye njano na haiachi kinga yoyote. Kwangu ilidumu wiki tatu. Ni sawa na kulipa zaidi ya 4,000 kwa mwezi kwa mwanga ambao bado ni hafifu.

Dawa nyingine za mtaani ni hatari. Petroli, thina na mafuta ya breki huila plastiki. Leo inang'aa, baadaye inatoa nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET nayo huyeyusha uso wa plastiki. Mng'ao unaouona ni wa kitu kinachoharibika.

Msasa na kompaundi

Hapa ndipo kazi ya kweli inapoanzia. Nilinunua misasa minne ya maji, namba 800, 1000, 1500 na 2000, kwa 6,000. Tepu ya karatasi ya kulinda rangi ya bodi 2,000, kompaundi ya kung'arishia 5,000. Jumla 13,000.

Siri ni maji na subira. Unalowesha msasa, unalowesha taa, unasugua kwa mlalo na 800. Maji yanatiririka ya njano, kama chai ya maziwa. Hiyo ni ile ngozi iliyokufa inatoka. Usiende namba inayofuata mpaka maji yawe meupe. Kisha 1000 unasugua kwa wima, ili uone kama mikwaruzo ya mlalo imeisha yote. Hivyo hivyo mpaka 2000, ukibadilisha mwelekeo kila mara. Katikati ya kazi taa itakuwa nyeupe kama maziwa na moyo utashtuka. Usiache. Kompaundi ndiyo inarudisha uwazi.

Matokeo yalinifurahisha sana, kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimemaliza kuondoa hata mabaki ya kinga ya kiwandani, nikaiacha plastiki tupu juani. Njano ilirudi upesi kuliko ilivyokuja mara ya kwanza. Kwa hesabu ya mwezi, nilitumia 4,300 na zaidi kidogo.

Msasa na klia

Msasa unavua; klia, ile rangi angavu ya juu ya magari, inavisha. Mara ya pili nilisugua mwenyewe hadi 2000, nikapangusa kwa spiriti ya 2,000, siyo thina. Kwenye duka la rangi za magari nilipimiwa klia yenye kinga ya jua pamoja na hadina yake ya kuigandisha kwa 15,000, nikampa fundi rangi 10,000 anipulizie kwa kampresa, tabaka mbili nyembamba. Pamoja na misasa na tepu, jumla ni 35,000.

Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, maana chembe moja ya vumbi itabaki humo kama nzi kwenye maziwa. Klia ya hadina haifai kupuliziwa chumbani wala bila barakoa ya kemikali. Mvuke wake ni sumu kwa mapafu, ndiyo maana kazi hiyo namwachia mwenye vifaa.

Kwangu imedumu miezi 14. Gawanya: 2,500 kwa mwezi. Ndiyo njia iliyokuwa ghali kuliko msasa mtupu siku ya kulipa, na rahisi kuliko zote mwisho wa mwaka. Kopo la klia la kupuliza kwa mkono bila hadina ni rahisi zaidi kupata, ila halistahimili jua kwa muda huo.

Fundi wa mtaani

Fundi mmoja aliwahi kunitoza 30,000 kwa taa mbili. Alifanya haraka, zikang'aa, nikamshukuru. Hakupaka kitu juu, na baada ya miezi mitatu nilikuwa pale pale: 10,000 kwa mwezi. Sisemi mafundi wote ni hivyo. Nasema kabla ya kukubaliana bei, uliza swali moja: "Fundi, ukimaliza kusugua unapaka nini?" Akijibu nta au polishi, omba bei ya kusugua tu. Wapo pia wanaotumia kikombe cha umeme kinachofukiza kemikali. Kinang'arisha kwa dakika chache, lakini mvuke wake ni sumu na nao hauachi kinga ya jua.

Taa za mtumba

Jozi ya IST niliambiwa 240,000. Hapa fikiri vizuri. IST ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, kwa hiyo taa yake ya mtumba ina umri sawa na yako. Ikiwa inang'aa sana dukani, huenda nayo imesuguliwa juzi, na wewe unalipa 240,000 kununua msasa wa mtu mwingine. Itoe juani, iangalie kwa ubavu ukingo wa juu: njano hujificha hapo, na unga mweupe wa kompaundi hubaki kwenye maungio. Uliza pia imetoka kwenye gari gani. Taa za Japani zinatufaa kwa sababu Wajapani nao wanaendesha kushoto. Taa ya gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia humpiga macho dereva anayekuja mbele yako.

Taa mpya

Jozi mpya isiyo ya kampuni iliyounda gari nilitajiwa 350,000. Ikidumu miaka minne ni karibu 7,300 kwa mwezi. Ni fedha nyingi, ila unapata kitu ambacho msasa hautoi. Mwaka 2018, AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima na kukuta taa zilizochakaa zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilizosuguliwa zilirudi hadi kama asilimia 70, mpya za watengenezaji wengine asilimia 83 hadi 90, na zile halisi za kampuni asilimia 100.

Nani achague nini

Kama gari lako ni la mjini na usiku unaishia Ibinzamata, hapa Shinyanga mjini, msasa na klia vinatosha, na kila mwaka uzikague taa. Kama unaendesha mchomoko, gari dogo la abiria, kati ya Katoro na Geita na abiria wanakutegemea usiku kucha, weka akiba ya taa mpya. Wakati unakusanya, paka klia. Kama kisahani cha ndani kimebabuka, usipoteze hata elfu moja kwenye msasa. Na usikimbilie balbu kali kabla ya kusafisha taa: ukungu hutawanya mwanga, wewe hupati barabara na mwenzako anapofuka.

Mwezi uliopita nilipita tena Tinde usiku. Mkokoteni ulikuwepo, safari hii niliuona ukiwa mbali, nikaona hata mtoto aliyelala juu ya magunia. Nilipunguza mwendo, nikapita taratibu. Kwa 2,500 kwa mwezi, sijawahi kununua kitu cha thamani zaidi.