Faili Hili Limeletwa na Kifurushi Gani?

Unaunda programu kutoka kwenye msimbo wake, kazi inakatika njiani: faili la zlib.h halionekani. Unaiagiza Debian isakinishe "zlib", nayo inajibu kwamba kifurushi hicho haikijui. Ni kweli. Kinaitwa zlib1g-dev, jina ambalo hakuna mtu angelipata kwa kukisia.

Faili ambalo bado hulina hutafutwa kwa apt-file. Isakinishe, kisha endesha apt-file update ili ivute orodha za mafaili ya kila kifurushi kilichomo hazinani. Ukiandika apt-file search zlib.h utamwagiwa majibu, maana inaokota kila njia yenye herufi hizo. Afadhali uandike njia nzima, /usr/include/zlib.h. Wenye Fedora watumie dnf provides '*/zlib.h'. Wa Arch waanze na pacman -Fy, halafu pacman -F zlib.h.

Faili likiwa tayari kwenye mashine, swali ni jepesi zaidi: dpkg -S na njia yake, au rpm -qf kwa Fedora, au pacman -Qo kwa Arch. Jepesi, ila lina mitego.

Jaribu dpkg -S /usr/bin/awk. Utaambiwa hakuna kifurushi chenye njia hiyo, ilhali awk unaitumia kila siku! Sababu ni kwamba dpkg haikagui diski. Inasoma orodha zilizoko /var/lib/dpkg/info, na awk ni kiungo tu kilichowekwa wakati wa usakinishaji. Endesha readlink -f /usr/bin/awk, utaona kinaishia kwenye mawk au gawk. Faili hilo sasa liulizie.

Mtego unaoudhi zaidi ni wa /bin. Katika Debian 12, /bin ni kiungo cha kwenda /usr/bin, lakini ls bado imeandikishwa kwa anwani ya zamani: ukiuliza /usr/bin/ls unakosa, ukiuliza /bin/ls unajibiwa coreutils. Debian 13 imegeuza mambo. Mimi huandika dpkg -S '*bin/ls', na zote mbili zinanasa.

Mafaili mengine hayana mwenyewe kabisa. /etc/passwd huzalishwa na hati ya usakinishaji, kwa hiyo halimo kwenye orodha yoyote. Na faili lililo chini ya /usr/local usilihangaikie kwa dpkg: vifurushi vya Debian haviruhusiwi kuweka mafaili humo. Muulize aliyeisimamia mashine hiyo kabla yako.