Kiwanja cha Eropleni Kifunikwacho na Bahari

Upande wa magharibi wa Scotland, visiwa vingi vimetawanyika baharini, vikubwa na vidogo. Pwani hiyo hupigwa na pepo kali, hasa wakati wa baridi, hata meli huweza kukawia bandarini zikingoja bahari itulie. Kimoja cha visiwa hivyo huitwa Barra. Watu wake wapata 1,200 tu. Mtu atokaye Barra kwa meli kwenda bandari ya Oban hukaa baharini karibu saa tano, na akishuka Oban bado yu mbali na Glasgow, mji wenye hospitali kubwa. Kwa eropleni mwendo huo ni maili zipatazo 140, nao humalizika kwa muda wa saa moja na dakika chache.

Lakini Barra ni nchi ya vilima na mawe, na mahali palipo sawa ni haba. Mahali papana palipo sawa ni ufuko wa mchanga upande wa kaskazini, uitwao kwa lugha ya Kigaeli Traigh Mhòr, maana yake Ufuko Mkubwa. Eropleni zilianza kutua juu ya mchanga huo mwaka 1933, na hata leo hutua papo hapo.

Mtoto aliyezaliwa Pemba au Lamu hana haja ya kufundishwa habari za maji kujaa na maji kupwa. Ajua kwamba bahari hujaa mara mbili kati ya usiku na mchana, na ya kwamba kila siku hukawia kwa dakika hamsini hivi kuliko jana. Basi na afikiri mwenyewe taabu ya karani apangaye saa za safari za Barra. Ikiwa leo maji yamekupwa saa nne asubuhi na eropleni yatua salama, baada ya siku saba, saa ile ile, kiwanja chote kimo chini ya maji. Kwa hiyo karani huyo hawezi kuandika saa moja kwa mwaka mzima. Hana budi kulitazama kwanza jedwali la maji, kisha ndipo apange safari.

Njia za kutulia ni tatu, nazo zimepangwa mfano wa pembetatu, ili rubani achague ile inayoelekeana na upepo. Mwisho wa kila njia umeonyeshwa kwa nguzo za mti zilizosimikwa mchangani. Njia iliyo ndefu kupita zote haifiki futi 2,800, na eropleni kubwa za kwenda nchi za mbali zisingethubutu kutua pale. Mchanga wenyewe ni mgumu, kwa kuwa umechanganyika na magamba ya kombe yaliyosagika. Watu huenda ufukoni kuokota kombe hizo za kula, wakainama na ndoo zao kama wanawake wa pwani ya Mrima waokotao chaza. Lakini ukionekana mfuko wa upepo umepandishwa mlingotini, ni ishara ya kwamba eropleni yatazamiwa, na watu hutakiwa watoke ufukoni.

Eropleni iendayo Barra ni ya namna iitwayo Twin Otter, iliyoundwa kwanza katika nchi ya Kanada. Huchukua abiria 19. Mabawa yake yamewekwa juu ya mwili wake, ili rafadha zisifikiwe na maji yanayorushwa na magurudumu. Injini zake ni mbili, nazo ni za namna iitwayo taboprop. Yafaa kueleza kazi yake, kwa maana wengi wakiona rafadha ikizunguka hudhani kwamba injini iliyo nyuma yake ni kama ya motakaa. Sivyo. Hewa huvutwa ndani ikashindiliwa mpaka ikawa nzito. Kisha hutiwa mafuta, yaliyo jamii moja na mafuta ya taa, yakawaka moto daima bila kuzimika. Hewa ya moto hutafuta njia ya kutoka kwa nguvu nyingi, na njiani hukutana na gurudumu lenye mapanga madogo mengi, ikalizungusha, kama maji ya mto yazungushavyo gurudumu la kinu. Gurudumu hilo ndilo lenye kuendesha kile chombo cha kushindilia hewa. Hewa ikipita hapo hukuta gurudumu la pili, na hili ndilo lizungushalo rafadha. Gurudumu la kwanza huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika moja. Rafadha ingevunjika kwa mwendo huo, kwa hiyo kati yake na gurudumu la pili huwekwa magurudumu ya meno ya kupunguza mwendo, hata rafadha isifike mara 2,500.

Injini ya namna hii haiendi mbio kama ile isiyo na rafadha, walakini kwa safari fupi hula mafuta machache, na huinua eropleni upesi katika njia fupi. Tena rubani aweza kuyageuza mapanga ya rafadha, yakasukuma upepo mbele badala ya nyuma, na eropleni ikapunguza mwendo mara itakapogusa mchanga. Adui yake mkubwa hapo Barra ni chumvi. Chumvi hula chuma, kwa hiyo eropleni iliyotua ufukoni hapana budi ioshwe kwa maji matamu.

Kampuni yenye kufanya kazi hii huitwa Loganair. Ilianzishwa mwaka 1962 na Willie Logan, mtu wa ujenzi, ambaye kampuni yake ilijenga daraja kubwa la mto Tay. Alitaka eropleni ndogo ya kumchukua yeye na watu wake kwenye kazi zao. Hakuwa na nia ya kuhudumia visiwa. Januari 1966 alikufa, ilipoanguka ndege ya kukodi karibu na Inverness, hata hakuliona daraja likifunguliwa mwaka ule ule. Kampuni haikufa naye. Mwaka uliofuata ilianza kwenda visiwa vya Orkney, kaskazini ya Scotland, na huko eropleni yake ndogo bado huruka kutoka Westray kwenda Papa Westray, mwendo usiofika maili 2, kwa dakika mbili au pungufu. Hiyo ndiyo safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani.

Abiria peke yao hawawezi kulipa gharama za safari ya Barra, kwa kuwa ni wachache. Serikali ya Scotland huongeza fedha, na sababu yake haifichiki kwa mtu aliyewahi kuugua kisiwani. Mwezi wa Mei 1933 mvuvi mmoja wa kisiwa cha Islay alikuwa mahututi. Eropleni ikatua ufukoni, ikamchukua mpaka bara, akatibiwa akapona. Tangu 1967 mpaka 2006 marubani wa Loganair walifanya kazi hiyo ya kuchukua wagonjwa, mara nyingi usiku. Haikuwa kazi ya mchezo. Machi 2005 eropleni moja ilianguka baharini usiku karibu na Campbeltown, ikienda kumchukua mtoto mgonjwa. Rubani alikufa, na mhudumu wa wagonjwa aliyekuwa pamoja naye alikufa.

Ufuko wa Barra hauna taa za kuonyesha njia. Ikiwa hapana budi eropleni itue usiku kwa ajili ya mgonjwa, motakaa huletwa ufukoni na taa zake zikawashwa, na mikanda yenye kung'aa hutandazwa mchangani ili rubani aione njia. Akiisha kupakiwa mgonjwa, eropleni huondoka kabla maji hayajarudi.