Nani Aamuru Penye Moto?

Alfajiri ya tarehe 7 Desemba, 2021, gereza la Gitega, Burundi, liliwaka moto. Wafungwa 38 walifariki katika jengo lililojengwa kwa watu 400, hali idadi yao ilizidi 1,500. Askari aliye zamu Gishubi, mkoani humo, ana haki ya kuuliza: penye moto nani huamuru?

Tanzania ilijibu kwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Vikosi vilivyokuwa mikononi mwa halmashauri za miji vikawa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mpango huo ni bora, ingawa haufupishi barabara. Kabla gari halijafika, funguo zi mkononi mwa mlinzi wa lango. Naye hana budi kuwa na amri iliyoandikwa, inayomwambia afungue lini.