Kazi Yako Inalala Wapi?

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi; ni ya watu waliokuwepo kweli. Nawasimulia kwa sababu wengi wenu mmeshika simu kabla ya kushika kalamu, lakini siku mkikalishwa mbele ya kompyuta ya mezani, vidole vinaganda. Mnagusa skrini, kimya. Mnaandika insha nzuri, kesho yake hamjui ilikokwenda. Msione haya. Kompyuta ya mezani ina taratibu zake, na kila utaratibu uliwekwa na mtu aliyekuwa na sababu. Ukiijua sababu, woga unapungua.

Tarehe 9 Desemba 1968, jijini San Francisco, Marekani, bwana mmoja aitwaye Douglas Engelbart alipanda jukwaani mbele ya wataalamu wapatao elfu moja. Enzi hizo kompyuta moja ilijaza chumba, na wengi waliozitumia walitoboa matundu kwenye kadi za karatasi, wakawakabidhi wahudumu wa mtambo, kisha wakaenda zao kungoja majibu. Engelbart hakuja na kadi. Mbele yake palikuwa na kibodi, na mkono wa kulia umeshika kijisanduku. Alipokisogeza, alama ndogo ikasogea kwenye skrini kubwa ukumbini. Kwa dakika 90 aliandika maneno, akayafuta, akayahamisha, akayapanga upya, na kompyuta ikamjibu papo hapo. Na mtambo wenyewe haukuwemo ukumbini. Ulikuwa katika mji mwingine, Menlo Park, na picha zilirushwa kwa mawimbi ya redio.

Kijisanduku kile ndicho kipanya. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 na mhandisi mwenzake, Bill English. Kilikuwa cha mbao, chenye kitufe kimoja, na chini yake magurudumu mawili ya chuma: moja la mbele na nyuma, jingine la kushoto na kulia. Magurudumu yakizunguka, kompyuta inajua mkono umekwenda upande gani na umbali gani. Vipanya vya siku hizi havina magurudumu hayo. Kipindue chako utaona taa. Pembeni yake kuna kamera ndogo sana inayopiga picha za uso wa meza, nyingi mno kila sekunde, na kulinganisha hii na iliyotangulia ili kujua kipanya kimeelekea wapi. Ndiyo maana ukikiweka juu ya kioo, kishale kwenye skrini kinarukaruka ovyo: kamera inakosa cha kulinganisha. Weka karatasi chini yake, kitatulia.

Sasa kishike, ila usikikabe. Kiganja kipumzike juu yake, kidole cha shahada kwenye kitufe cha kushoto, cha kati kwenye kitufe cha kulia. Kitufe cha kushoto ni cha kuchagua. Cha kulia kinafungua menyu ya mambo unayoweza kukifanyia kitu ulichokibofya: kukifungua, kukinakili, kukibadilisha jina, kukifuta. Nawasihi, mkikwama popote, bofyeni kulia na msome menyu ile kabla ya kumwita mtu. Mara nyingi jibu liko hapo.

Kubofya mara mbili ili kufungua kitu kunawatesa wengi. Mkono unateleza kidogo kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili, na kompyuta inadhani unataka kuburuta. Egemeza kifundo cha mkono mezani, kisha bofya haraka haraka. Ukiona bado haikubali, bofya mara moja tu kisha bonyeza Enter. Matokeo ni yale yale, na hakuna atakayekucheka.

Turudi kwenye hadithi. Mji wa Palo Alto ulikuwa na maabara ya kampuni ya Xerox, na humo, mwaka 1973, ikazaliwa kompyuta iitwayo Alto. Watu wa maabara ile walijiuliza: karani aliyezoea meza yake tutamfundishaje kompyuta? Wakaamua kumchorea meza yenyewe. Mwaka 1981 Xerox ikauza mashine iitwayo Star, na ukiiwasha unaona kwenye skrini nyaraka, makabrasha ya kuzitia nyaraka, hata trei ya barua zilizoingia. Eneokazi mnaloliona leo, lenye aikoni zake na folda zake, limetokana na meza ile ya karani.

Januari 1984 kampuni ya Apple ikatoa Macintosh. Aikoni zake zilichorwa na dada mmoja msanii, Susan Kare. Alikuwa na daftari la hesabu lenye miraba. Kwa kila aikoni alipewa miraba 32 kwenda chini na 32 kwenda kando, jumla 1,024, na kila mraba uwe mweusi au mweupe, basi. Ndani ya nafasi hiyo finyu alichora pipa la taka, brashi ya rangi, na kompyuta ndogo iliyotabasamu ulipoiwasha mashine. Mnaweza kujaribu wenyewe kwenye daftari la hesabu: chora ndoo kwa kupaka miraba tu, bila mstari wa kupinda. Utaona kazi aliyoifanya. Ni yeye pia aliyechora karata za mchezo wa Solitaire ulioletwa na Windows 3.0 mwaka 1990. Nawashauri muucheze mchezo ule mnapoanza. Kila karata unayoibofya, ukaishikilia, ukaiburuta na kuiachia mahali pake ni mazoezi yale yale ya kuhamisha faili, na ukikosea huharibu kitu.

Ila picha zile hazijiendeshi. Nyuma yake kuna mfumo endeshi. Nchi nyingi utakuta Windows. Kwingine macOS ya Apple. Na upo Ubuntu, wa bure, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Watu wetu nao wamo katika hadithi hii, mjue.

Mfumo endeshi ni kama mwenyeji wa shughuli. Programu ni wageni: huyu anataka nafasi, yule anataka kutumia printa, mwingine anataka kusoma faili, na mwenyeji anampangia kila mmoja zamu yake wasikanyagane. Mgeni mmoja akizimia, yaani programu ikiganda, huna haja ya kuzima kompyuta nzima. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja; orodha ya programu zinazofanya kazi itatokea, chagua iliyoganda, uifunge hiyo peke yake.

Kila programu hufunguka ndani ya dirisha lake. Alama tatu juu kwenye kona zinalificha dirisha, zinalitanua, au zinalifunga. Dirisha lililofichwa halijafa. Liko kwenye ule mstari wa chini, libofye litarudi. Hayo mtayazoea kwa siku moja.

Lisilozoeleka kwa siku moja ni hili, na ndilo hasa lililonikalisha hapa nanyi: kujua kazi yako iko wapi.

Kwenye simu hamkuulizwa. Mlipiga picha, ikajitokeza kwenye programu ya picha. Kompyuta ya mezani inauliza. Tuseme umeandika, “Mvua ilinyesha usiku kucha hadi paa likavuja.” Herufi unaziona kwenye skrini, unaridhika. Lakini hazijafika kwenye diski. Ziko kwenye kumbukumbu ya muda, na humo kila herufi ni chaji ndogo za umeme ndani ya saketi. Chaji hizo huvuja, na mashine inalazimika kuziburudisha mara kadhaa kila sekunde ili zisitoweke. Umeme ukikatika, hakuna wa kuziburudisha. Kompyuta ya mezani haina betri kama simu. Isipokuwa imechomekwa kwenye kifaa cha akiba ya umeme, inazima hapo hapo, na mvua yako, na paa lako, vyote vimekwenda.

Diski ni kitu kingine. Ikishaandikiwa, inatunza hata ukichomoa waya ukaifungia kabatini. Kuhifadhi ni kuyatoa maneno kwenye kumbukumbu ya muda na kuyaandika kwenye diski. Bonyeza Ctrl na S. Fanya hivyo baada ya sentensi ya kwanza kabisa, usingoje insha iishe, kisha rudia kila ukimaliza aya. Zipo programu zinazojihifadhia zenyewe kila baada ya muda, na ni msaada mkubwa, lakini mazoea ya vidole vyako ni bora.

Mara ya kwanza unapohifadhi, kidirisha kinatokea na maswali mawili: jina gani, na wapi? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanabonyeza Enter bila kusoma, faili inakwenda kusikojulikana ikiwa na jina kama Document1, na wiki ijayo kuna Document1 hadi Document9, hakuna anayejua ipi ni ya mvua. Jina liwe la kueleweka: “Insha ya mvua”. Halafu angalia mahali. Windows na Ubuntu zote zina folda iitwayo Documents. Ndani yake tengeneza folda Shule, ndani ya Shule tengeneza Kiswahili. Sasa ukiulizwa insha iko wapi, unataja njia nzima kwa mdomo: Documents, Shule, Kiswahili, Insha ya mvua. Mtoto anayeweza kuitaja njia hiyo, mimi humhesabu kuwa ameijua kompyuta, hata kama bado anatafuta herufi kwenye kibodi kwa kidole kimoja. Na siku ukiisahau, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, anza kuandika jina, mashine itakutafutia. Jina baya ndilo litakalokukwamisha.

Ukikosea je? Utakosea sana, na waliotengeneza mashine hizi walilijua hilo. Bonyeza Ctrl na Z, na jambo la mwisho ulilofanya linatenguka. Bonyeza tena, linatenguka la kabla yake. Jirani zake kwenye kibodi ni X ya kukata, C ya kunakili na V ya kubandika. Njia hiyo ya kukata, kunakili na kubandika ilibuniwa katika maabara ile ile ya Xerox na Larry Tesler na mwenzake Tim Mott, katikati ya miaka ya 1970. Tesler alitaka mtu asiye mtaalamu aweze kuhariri maandishi bila kukariri amri.

Faili ukiifuta kwenye diski ya kompyuta, kwa kawaida inakwenda kwenye pipa la taka na kukaa humo. Fungua pipa, bofya kulia, irudishe. Ila mnisikilize vizuri hapa: kwenye Windows, faili uliyoifuta kutoka kwenye flashi kwa kawaida haipiti pipani. Imekwenda moja kwa moja. Kwa hiyo insha isikae kwenye flashi peke yake, na usiichomoe flashi kabla hujaiambia kompyuta kwamba unataka kuitoa, maana huenda bado inaandikwa.

Sasa kazi ya nyumbani. Mkipata nusu saa kwenye kompyuta ya shule au maktaba, tengeneza folda yenye jina lako. Andika sentensi tatu, uzihifadhi humo. Funga kila kitu, kisha uifuate faili kwa njia yake, folda hadi folda, bila kutafutiwa. Ukiipata, ifute kwa makusudi. Nenda kwenye pipa la taka, irudishe, uifungue, usome kama sentensi zote tatu zimo.