Mtaa wa Maduka na Mizigo ya Bara

Ndugu zetu wa Visiwani wanazijua vyema zile kadi za posta zenye picha za mji wa Unguja, zilizouzwa na kina A. C. Gomes na Coutinho, wapiga picha wa Kigoa, zama Uingereza ilipotawaliwa na Mfalme Edward wa Saba (1901–1910). Ni kadi nzuri, hatukatai. Mtaa mwembamba, baraza za mawe, mwenye duka kaketi kizingitini kati ya majora ya nguo, na wapita njia wa kanzu na kofia wamesimama kumtazama mpiga picha. Nyingine yaonyesha garimoshi la Bububu likipenya katikati ya nyumba, karibu liguse madirisha.

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa twauliza: utajiri uliojenga mtaa ule ulitoka wapi? Karafuu ni ya Visiwani, na hapo hatubishani. Lakini mikono mingi iliyoichuma ilikuwa ya Wayao na Wanyasa waliopitishwa Kilwa kwa minyororo. Pembe za ndovu, sandarusi na nta viliteremshwa pwani vichwani mwa watu wa bara yetu, vikavushwa kwa majahazi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897. Kadi hizo zilipouzwa, waliowahi kuwa watumwa walikuwa wangali wakipita katika mtaa huohuo.

Garimoshi la Bububu lilianza kazi mwaka 1905. Mwaka uo huo, mwezi Julai, Vita vya Maji Maji vililipuka Umatumbi. Agosti boma la Liwale likatekwa, na moto ukafika Masasi. Wajerumani wakachoma vijiji na nafaka, njaa ikafuata. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alitaja zaidi ya 250,000. Hakuna mgeni aliyenunua kadi ya ghala lililoteketezwa.

Beit el-Ajaib iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Siku picha za mtaa ule zitakapotundikwa tena mbele ya wageni, twawaomba wakuu wa makumbusho waandike chini ya kila moja bidhaa zilitoka bara gani na zilibebwa na nani. Nao maafisa utamaduni wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale wawaendee wazee waliosimuliwa na babu zao njia za misafara, wayaandike majina ya vituo na visima, kisha nakala zipelekwe Unguja.