Namna ya Kujua: Somo la Ebola kwa Shule za Beni na Butembo

Elimu ya sekondari nchini Kongo humpima mwanafunzi zaidi kwa yale aliyoyashika kuliko kwa namna alivyoyajua, ilhali nadharia ya maarifa, yaani taaluma inayochunguza jinsi binadamu anavyofikia ujuzi na kwa sababu zipi ujuzi huo uaminiwe, ndiyo iliyohitajika kuliko zote Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Mwezi uliofuata watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na takriban robo yao hawakuamini kwamba ugonjwa huo upo.

Kuwaita watu hao wajinga ni kuwakosea haki. Eneo la Beni lilikuwa limeshuhudia mauaji ya raia tangu Oktoba 2014 bila serikali kuyakomesha, na shaka ikazidi mwishoni mwa 2018, uchaguzi wa rais ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa kisingizio cha Ebola na usalama, hata wengi wakaona ugonjwa ni hila ya kisiasa. Kumshuku mtawala kulikuwa na sababu. Kilichokosekana ni ustadi wa kutenganisha msemaji na ushahidi, kwa maana mtu asiyeaminika aweza kusema jambo la kweli, na jambo hilo likapimwa kwa njia isiyomtegemea yeye.

Njia hiyo ilikuwa ikitumika papo hapo. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, jaribio lililoitwa Pamoja Tulinde Maisha, ambalo Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa viongozi wake, lililinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. Kila mgonjwa alipangiwa dawa kwa bahati nasibu, kwa sababu daktari akiachiwa achague, huenda dawa anayoipenda akaipeleka kwa wenye nafuu, kisha ikasifiwa kwa nafuu waliyokuja nayo. ZMapp, iliyokuwa imetangulia kutumainiwa, ilishindwa: karibu nusu ya walioipata walifariki ndani ya siku 28, ilhali kwa mAb114 na REGN-EB3 walifariki takriban theluthi moja. Na mAb114 ilitokana na kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, za Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Humo mna mambo ambayo kitabu cha biolojia kinachoorodhesha dalili pekee hakimpi mwanafunzi: kwa nini kulinganisha, kwa nini bahati nasibu, na kwa nini wataalamu walikubali kuiacha dawa waliyoitumainia mara takwimu zilipoikataa, Agosti 2019, jambo ambalo mtu asiyefundishwa hulidhani kuwa kigeugeu.

Walimu wa biolojia na wa falsafa wa Beni na Butembo walichukue jaribio hili walifundishe pamoja, hesabu zake zikiwa ubaoni, na wanafunzi waruhusiwe kuuliza hadi waridhike.